Deni la Viatu Vitatu

Chupa ilifika Novemba kwa posta, imeviringishwa kwenye gazeti kuukuu la Tartu.
Ndani, juu ya uji mweusi uliogandishwa,
miche arobaini imelaliana kama tambi zilizosahauliwa mezani.
Hilja akachungulia: "Hizi ndizo ulizolipia?"
Nikasema ndizo.
Kila mche una jino moja jeupe
na mizizi minne mitano, miguu ya buibui mwenye homa.
Jino hilo ndilo mwaka mzima ujao.
Likivunjika, basi.

Mimi ni fundi bomba. Miaka thelathini na sita
nimekaza nati za watu wa Kuressaare kwa mikono hii,
na sasa nasuuza uji kwenye mizizi,
pumzi nimeibana,
kama mtu anayemvua soksi mtoto aliyelala.

Wanataka baridi. Hapo ndipo wengi hushindwa:
huwaonea huruma, huwaweka dirishani karibu na jiko,
nao huoza kwa kupendwa.
Wangu walikaa miezi minne kwenye friji,
ndani ya mfuko wa kuvumwani iliyokamuliwa,
kati ya siagi na samaki wa moshi.
Kila jioni Hilja: "Leo tunakula nini, samaki au wanao?"

Sikumwambia mpaka Februari.

Nilikuwa na miaka tisa. Juni, siku ya kuzaliwa mama.
Nyuma ya kinu, penye udongo wa chokaa, vilisimama vitatu:
viatu vya njano, vimevimba, kamba zake za hudhurungi zimesokotwa.
Kwetu ua hili huitwa kiatu cha dhahabu.
Nilivichimba kwa kijiko cha supu.
Mama alinibusu, kisha akatazama udongo kwenye kucha zangu
muda mrefu kidogo kuliko ilivyopasa.
Akavipanda kando ya kisima.
Mwaka wa kwanza, jani moja.
Mwaka wa pili, nyasi.
Hakunigombeza. Siku moja tu, akichota maji,
alisema bila kugeuka:
"Wale walikuwa wakubwa zako, Endel."

Dawa ya deni kulipa, husema wadai.
Lakini msitu haudai.
Hapo ndipo penye ugumu.

Aprili nikawatoa. Sanduku nyuma ya nyumba, upande usio na jua kali,
mchanga wa mto, vigae vilivyosagwa, konzi ya chokaa,
juu yake sindano za msonobari.
Kumi na moja walioza kabla ya Agosti.
Koa alikula wanne usiku mmoja wa mvua,
nikamtafuta kwa tochi nikiwa na nguo za kulalia,
nikamkuta, nikashindwa kumuua, nikamtupa kwa jirani.
Majira ya baridi sanduku lilikuwa mchanga mtupu.
Jirani aliuliza kama nimezika paka.

Kisha Mei, pua za kijani.
Nilihesabu nimepiga magoti. Kumi na saba.
Mwaka uliofuata baridi ilirudi usiku wa tarehe ishirini na mbili,
ikaacha tisa.

Nilimwendea binti wa ofisi ya mazingira, Triinu,
nikaomba ruhusa ya kurudisha watatu nyuma ya kinu.
Alinisikiliza vizuri. Akasema haiwezekani:
hawa ni wa maabara, asili yao haijulikani,
na msitu ule una ukoo wake.
Nilikuwa nimesimama na kofia mkononi, nimeleta fedha,
na duka limefungwa tangu zamani.

Basi nimewapanda kando ya kisima.
Pampu niliifunga mwenyewe, ndoo haitumiki tena,
lakini udongo ni uleule.

Huu ni mwaka wa tano. Majani yamekunjwa kama marinda ya sketi,
na katikati ya mche mmoja kuna kitu kimejificha,
kinene, kimefumba.
Hilja anasema ni ua.
Mimi nasema ni jani.
Tumewekeana dau la samaki wa moshi,
nami kila asubuhi, kabla ya chai,
naenda kutazama kama nimeshindwa.